Gauni la Pweza

Makorora nzima walijua kwamba Bi Zuwena hashoni gauni la kufunika mwili tu. Akishona, anasema. Enzi zake, shughuli ikitangazwa, watu hawakuuliza bibi harusi atavaa nini. Waliuliza Bi Zuwena anashona nini, na safari hii ni zamu ya nani. Gauni atalivaa mwenyewe, hilo lilijulikana. Kilichotafutwa ni nani atakayesemwa nalo.

Alishona kwa mkono. Cherehani hakuitaka, akidai haina subira ya kumtukana mtu vizuri. Jirani mmoja mwenye mdomo alishonewa kasuku wa kijani mgongoni. Mwingine, aliyeazima vyombo vya watu akasahau kuvirudisha, alishonewa kijiko cha uzi wa zari kifuani. Bi Zuwena hakufungua kinywa. Aliingia shughulini, akazunguka mara moja, taratibu, wa mbele waone na wa nyuma waone, kisha akakaa. Yaliyobaki watu walimaliziana wenyewe.

Sasa mwili umekwenda. Kisukari kimemla, magauni yanampwaya kama mahema, na mwanawe Ibrahimu amejenga Mkwaja anataka mama ahamie huko baada ya harusi ya mtaani ya Jumamosi. Bi Zuwena hakukataa kwenda. Ila nyumba ya Ibrahimu imetazamana na bahari, upepo wake ni chumvi tupu, na zari ikipigwa na chumvi inageuka nyeusi. Magauni hayaendi, alisema. Wala hayauzwi mitumbani, wala hayakatwi kufanywa foronya. Yatapata wenyewe hapa hapa Tanga, watu wa kuyacheza. Mkazamwana wake alimshauri ayaazimishe tu, ili siku akija kutembea ayakute. Akajibiwa kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi akaitwa Queen, msusi wa nyumba ya pili, akayapiga picha magauni yote na kuyaweka kwenye simu watu wayaone. Bei hakuna. Sharti lilikuwa moja: anayetaka aje alivae, atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye karo la maji na kurudi. Bi Zuwena alikaa kwenye kigoda chake, akitazama mwendo. Asiyejua kuchezesha bega alipewa maji baridi, akashukuriwa kwa kuja.

Alikuja Leticia, mama wa Kikatoliki ambaye wazazi wake waliteremka zamani kutoka mashamba ya chai kule Amani. Alilitaka lile la kijiko, avae siku ya kipaimara cha mwanawe. Alitembea vizuri, lakini akauliza kwa haya kama si dhambi kuingia kanisani na kijembe cha mtu kifuani. Bi Zuwena alimtuliza. Aliyesemwa alihamia Dar es Salaam siku nyingi, tena na vijiko vya watu. Kilichobaki ni pambo. La kasuku alilichukua Queen mwenyewe. Mwenye kasuku wake alikwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, kwa hiyo sasa alikuwa ndege tu kama ndege wengine.

Yakaondoka moja moja hivyo, kila moja na mtu wake, mpaka likabaki la pweza.

Na hilo ndilo lililokuwa gauni. Hariri nyeusi, pweza wa zari amekaa tumboni, mikono yake inazunguka kiuno na kupanda mgongoni, na kila kikombe cha kunasia kwenye mikono hiyo ni ushanga mmoja mmoja. Bi Zuwena alilishona kwa miezi, miaka ishirini iliyopita, kwa ajili ya Bi Kijakazi. Kwenye harusi moja Bi Kijakazi alikuwa mpishi mkuu, na ufunguo wa sanduku la fedha za shughuli anao yeye, na usomo wa kumfunda bibi harusi, ambao Bi Zuwena alikuwa ameahidiwa, akauchukua yeye. Bi Zuwena akamvalia pweza kwenye harusi iliyofuata. Kuanzia siku hiyo watoto wakaimba mitaani mikono minane ya Bi Kijakazi. Wazee hawa wawili hawakusemeshana tena, na Bi Zuwena kila harusi aliondoka kabla ya chakula.

Ubaya ni kwamba aliyesemwa na gauni hili hakuhama wala hakufa. Yupo, na ndiye anayepika shughuli zote za Makorora.

Walikuja wengi kulitazama. Queen alilivaa, akaenda mpaka kwenye karo na kurudi, na Bi Zuwena mwenyewe alikiri kwamba limemkaa. Kisha Queen akalivua polepole, akalikunja.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Jumamosi anapika Bi Kijakazi. Na mimi pilau naipenda."

Wa baada yake walisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Mmoja alikuwa na binti wa kuozwa mwezi ujao, mwingine alikuwa na deni la sufuria kwa huyo huyo mpishi. Zilibaki siku tatu kufika Jumamosi. Mkazamwana, ambaye nia yake ilikuwa njema, alileta mkasi na kusema pweza afumuliwe, gauni lipate mtu. Bi Zuwena aliupokea mkasi. Akaligeuza gauni nje ndani, akautazama mshono kwa nyuma, ambako ulikuwa safi kama mbele. Akauweka mkasi chini.

"Hili bila pweza ni kaniki," alisema, akajitanda mtandio, akatoka na gauni kwapani.

Bi Kijakazi alikuwa uani kwake na wanawake wenzake, wanachagua mchele wa Jumamosi. Hodi ilipobishwa alikaribisha kabla hajainua kichwa. Alipoinua, nyungo zote zilisimama.

"Umekuja kunivalia tena," Bi Kijakazi alisema, "au umekuja kunizika?"

"Kukuzika bado, mwili naona unao." Bi Zuwena alikaa kwenye jamvi bila kungoja kuambiwa. "Na kuvaa siwezi, limenipwaya. Nimekuja unipe mtu. Mji mzima wanalitaka gauni hili, na mji mzima wanaogopa masufuria yako."

Bi Kijakazi alijifuta mikono kwenye kanga. Gauni lile alikuwa ameliona mara moja tu maishani, kwa mbali, tena macho yake yamejaa moshi wa kuni. Alilichukua, akalitandaza mapajani. Wanawake walidhani atalichana. Yeye alipitisha kidole juu ya mkono wa kwanza wa pweza, mpaka ncha, akarudi kwa wa pili, akaligeuza gauni mgongoni, akarudi tena mbele. Akafunua mkanda wa kiuno, akachungulia chini yake.

"Zuwena. Pweza ana mikono mingapi?"

"Minane."

"Huyu ana saba."

Bi Zuwena alijua pale pale kwamba ni kweli. Zari ilimwishia mkesha wa harusi, maduka yamefungwa, akalifunika pengo kwa mkanda akijiambia atalimaliza. Hakuna aliyewahi kuhesabu. Watu walisikia pweza, wakaona minane.

"Uzi uliniishia," alisema.

"Mwaka ule nilipika. Nikashika fedha. Nikamfunda bibi harusi. Nyinyi mlipokwenda kulala, mimi nikabaki nasugua masufuria. Watoto wananiimba minane mpaka leo, na mimi nalala nikijua kwamba angalau ni minane." Alimkazia macho. "Kumbe umenipunja, shoga."

Mmoja wa wachagua mchele alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumcheza. Bi Zuwena hakucheka. Hii ilikuwa kazi, na kazi yake ilikuwa imekutwa na kasoro.

"Wa nane unataka ushike nini?" aliuliza.

"Mwiko."

"Na nani atavaa?"

"Limenisema mimi, basi ni langu. Ulidhani nani?"

Bi Zuwena alimtazama kuanzia ushungi mpaka miguu. "Tembea kwanza."

"Nitembee? Hapa kwangu?"

"Hata wewe."

Bi Kijakazi aliinuka akiguna, akajitupia gauni begani, akaenda mpaka kwenye mafiga na kurudi. Nyonga moja ilikuwa imechoka, ikimvuta upande. Lakini bega lilikuwepo. Lilitangulia, likasubiri, likamalizia, kama mabega ya watu wa zamani.

"Haya," alisema Bi Zuwena. "Nipe kipimo."

Kazi ilichukua kutwa ya kesho yake na asubuhi ya Ijumaa. Queen alikuwa anatunga uzi sindanoni, kwa kuwa macho ya bibi hayakuliona tena tundu. Ubavuni gauni lilikuwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kama magauni yote ya Bi Zuwena. Akaifungua, mwili wa Bi Kijakazi ukapata nafasi. Zari ya dukani ilikuwa mpya, inang'aa kuliko ile mikono saba iliyofifia. Queen aliuliza kama haitaonekana. Bi Zuwena alisema acha ionekane.

Jumamosi, masufuria yalipoepuliwa, Bi Kijakazi alitokea nyuma ya nyumba na gauni la pweza mwilini na mwiko mkononi. Alizunguka mara moja, taratibu, wa mbele waone na wa nyuma waone, mkono wa nane ukimeta ubavuni na mwiko wake. Leticia ndiye aliyeanza kigelegele, na baada yake hakikuzuilika.

Bi Zuwena aliona gauni lake linavyocheza. Limepata mtu. Akajikusanya kuondoka, maana ndiyo ilikuwa saa yake ya kuondoka siku zote, na Ibrahimu alikuwa nje anamngoja na mizigo. Sahani ikatua mapajani mwake. Ukoko, ule wa chini kabisa sufuriani, ambao mpishi humpa amtakaye.

"Kaa ule," alisema Bi Kijakazi, naye akaketi pembeni yake kungojea.

Bi Zuwena aliuma. Viungo vilikuwa sawa, ukoko umekauka vizuri. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Zamani angetafuta uzi. Akala wote, akalamba na vidole.