Baridi ya Mwezi wa Kwanza

Wakubwa wa ile ofisi ya wakimbizi wanadhani dunia nzima husikia baridi siku moja na wao. Nasema mimi, niliyezika mke nikingoja karatasi yao.

Clémence wangu alikuwa akifagia chuo kule Doornfontein, hapa Johannesburg. Binti yetu Emérite ameolewa Uswisi, mji wa Chur, akatutumia kitabu cha picha za treni nyekundu inayopanda milima ya Alpi katikati ya theluji. Basi kila saa ya mapumziko Clémence anakaa juu ya ndoo yake, anapanga. Si mambo ya hoteli, hapana. Kutoka asubuhi, kurudi jioni, kulala kwa mtoto. Aliandika kwenye karatasi: "Mwezi wa 1. Chur, saa mbili asubuhi. Kwenda kaa kulia, kurudi kaa kushoto, daraja kubwa lisikupite. Shuka Alp Grüm, juu milimani. Kunywa chai, tazama barafu, rudi na treni ya saa nane." Safari ziko nne. Hiyo ni ya kwanza.

Bila hati ya kusafiria mkimbizi haendi popote. Tuliomba mwaka wa Kombe la Dunia. Siku ya fomu Clémence alikuwa kazini. Mimi nikasema "wakati wa baridi", wao wakaandika. Miaka miwili tunangoja. Mwezi wa nne mapafu yakamuua. Nikaapa nitakwenda mwenyewe, nikae upande aliousema.

Juzi wameniita. Hati ni ya miezi mitatu tu, wa sita hadi wa nane. Nikampigia Emérite. Akasema: "Baba, huku sasa ni joto. Theluji ya njiani imekwisha. Nani aliandika hivyo?"

Nani! Kesho yake nikarudi dirishani pale ofisini. Khatibu, mkalimani wa ofisi, alikuwepo.

"Mwambie huyu mama, mimi nilisema baridi. Kwa nini aliandika mwezi wa sita?"

Mama, karani wa dirishani, amejifunga blanketi kiunoni, hita iko miguuni. Akasema neno, Khatibu akacheka.

"Anasema, mzee, mwezi wa sita si ndiyo baridi yenyewe? Hata wewe umevaa makoti mawili."

"Hiyo ni baridi ya Johannesburg! Mimi naenda Uswisi!"

"Eish, mzee!" mtu akapaza sauti kwenye foleni. "Sisi hata karatasi ya kukaa hatuna, wewe unachagua theluji?"

"Aliyechagua amekufa!"

Mama akasema tena, polepole.

"Anasema nenda tu, milima haihami. Ukirudisha hati, unaanza upya. Labda mwaka. Labda usipate kabisa."

Emérite sijamwona miaka sita. Hati ilikuwa mkononi mwangu, ina picha yangu. Ningeweza kwenda, nikakaa kulia, nikatazama majani na ng'ombe. Clémence hakupanga majani.

Nikaisukuma chini ya kioo. "Fomu mpya."

Khatibu akashika kalamu kama kawaida, maana mimi shule niliiacha darasa la tatu.

"Lete hapa," nikamwambia.

Nikaikunjua karatasi ya Clémence, nikatazama alivyoichora ile namba ya mwezi, nikaandika kwa mkono wangu, kubwa, ikavuka mstari: 1.

"Mzee, kisanduku chao ni kidogo."

"Waambie wakipanue."