Kiti Kinachotazama Mlango

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mkalimani wa kiwanda chetu cha magari, cha ubia na wageni, hapa Changchun, China, na ulimi wangu umechoka kuliko miguu. Mgeni akisema, nageuza kwa Kichina. Wetu akijibu, nageuza. Mchana ule nilitamani karamu iishe tu, nikalale.

Fundi Geng, mkuu wa karakana ya injini, alinivuta kwenye korido kabla hatujaingia.

"Dada Tao, niambie kweli. Mkataba na wageni unaongezwa. Injini zetu zimo au hazimo?"

"Hawajasema, Fundi."

"Wewe ndiye masikio yao, halafu hujui?"

"Wasichosema sikigeuzi."

Akaguna. Karakana nzima ilikuwa ikimsubiri arudi na jibu.

Ndani, meza ya duara ilishajaa: nyama ya nguruwe ya sukari na siki, kabichi chachu, chupa za pombe ya mtama. Kiti kinachotazama mlango kilikuwa wazi. Ndicho kiti cha heshima, cha Bwana Ostmann, mkuu wa upande wa wageni. Mwaka wake wa kwanza alijikalia karibu na mlango kama dereva, na sote tukabaki tumesimama mpaka akaelewa. Tangu hapo hajakaa kwingine. Ujuzi ulikuwa wao, sisi wanafunzi.

Safari hii alikuwepo pia Xiang Yubo, kijana wa raba nyeupe, mwenye kampuni ya magari ya umeme. Mkurugenzi wetu alimwonyesha Ostmann kiti chake kwa mikono miwili. Ostmann akakivuta, akamgeukia Xiang.

"Karibu."

Xiang akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Hapana, hapana, mkubwa wangu! Mimi mtoto, nitakaa pale!"

"Keti," alisema Ostmann, kwa Kichina chake kibovu, bila kunisubiri. "Sasa sisi ndio tunaokuja kusoma."

Sikuwa na la kugeuza. Fundi Geng alikuwa akikunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena.

Zamu yake ya kutakia heri ilipofika, alizunguka meza hadi kwa Xiang, akashusha glasi yake chini ya ile ya kijana, kama mdogo afanyavyo mbele ya mkubwa. Xiang naye akashusha yake zaidi. Geng akazidi kushusha.

"Mtaishia chini ya meza nyie!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

"Mkurugenzi Xiang," Geng alisema, "najua magari yako hayana injini. Ila yana bolti. Watu wangu wanajua kukaza bolti."

"Watu tunachukua, Fundi. Wasiozidi miaka thelathini na tano."

"Mdogo wao kabisa ana arobaini na moja."

Xiang akatazama pombe yake. Geng akamgongeshea glasi taratibu, akainywa yake yote.

Ostmann akaniinamia. "Wanasema nini?"

Nilikuwa na nyama mdomoni. Nikaendelea kutafuna.