Kadi Chini ya Kipande cha Reli

Kesho asubuhi wananipasua. Nimelala kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, tumbo tupu kwa amri ya muuguzi, na jirani yangu wa kulia anakoroma kama kinu cha kukoboa. Kwa kuwa usingizi hauji na hasira sina tena, wacha nieleze kilichotokea nyumbani jana mchana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mtaani kwetu, kama hujawahi kupita kwenye geti langu, basi huwa unaruka ukuta. Mtu wa kazi hii hajazoea kulala akihesabu nyufa za dari, na tangu uvimbe uonekane tumboni mwangu nimekuwa mtu wa dari. Nimekuwa mkali. Mke wangu anasema ukali nilikuwa nao tangu zamani, ila zamani niliumalizia kwenye vyuma.

Daktari hakuzungukazunguka. Alituambia uvimbe umekaa pabaya, karibu na ini, na kwamba wapo wanaoingia chumba kile wakatoka na wapo wasiotoka. Yeye peke yake ndiye aliyesema hivyo. Wengine wote walinipa maneno ya asali. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kila akija ananipiga begani, "Utapona tu, shemeji, wewe chuma!" Chuma gani, bwana? Vyuma vinaliwa na kutu, mimi ndiye ninayevibadilisha.

Kusema kweli, operesheni sikuitaka. Ningeachiwa mwenyewe ningebaki nyumbani, nikalala kitandani kwangu, yakaisha yanavyoisha. Nilikubali kwa ajili ya mke wangu tu, kwa sababu niliona yeye anaamini nitarudi. Alininunulia pajama kubwa kuliko mwili wangu wa sasa. Nilipomuuliza mbona inanipwaya, akasema, "Utanenepa tena." Sasa mtu anayekununulia nguo ya kunenepea hajakukatia tamaa, sivyo? Nikasema basi, nikatwe.

Huyu mke wangu naye ana ugonjwa wake, nao ni karatasi. Mtoto wetu wa mwisho alipoolewa, chumba chake kikageuka karakana, ikawa nyumba moja ina karakana mbili: yangu uani, yenye kelele, na yake ndani, isiyo na sauti ila ya mkasi. Anatengeneza kadi kwa mkono. Kadi za kuzaliwa, za harusi, za mtoto mchanga, za mgonjwa. Ana manila za kila rangi, lesi, vifungo vilivyokatika kwenye mashati yangu, utepe, na mkasi wenye meno ambao ole wako uukatie kitu kingine. Ana pia albamu za familia alizozibandika mwenyewe, na humo utakuta picha, tiketi ya basi, beji ya shule, hadi kipande cha pazia la nyumba yetu ya kwanza. Nilikuwa namtania. "Mama, siku moja utanibandika na mimi humo." Ananijibu, "Wewe gundi haitakushika, umejaa grisi."

Jambo moja lazima ulijue kuhusu kazi hiyo: haitaki pupa. Maua anayabana yakauke, na hilo ni suala la majuma. Gundi nayo ukiikimbiza inatoa mapovu, na kadi inajikunja. Kwa hiyo yeye hufanya mapema. Mimba ikianza kuonekana tu, kadi ya mtoto iko tayari imekauka. Uchumba ukitangazwa, kadi ya harusi ipo. Ndivyo anavyofanya kazi miaka yote, na mtaa mzima unamsifia.

Basi jana mchana alitoka kwenda kununua sabuni na taulo la hospitali. Mimi nikaona nisikae bure, bawaba ya dirisha la jikoni imepinda, niinyooshe kabla sijaondoka. Nikaenda uani kutafuta kipande changu cha reli. Ni kipande cha reli ya treni, kizito, ndicho ninachogongea vyuma. Hakipo. Damu ikanipanda hapohapo. Nikajua mwizi wangu ni nani, maana si mara ya kwanza. Yeye hukichukua kukandamizia kadi zake.

Nikajikongoja hadi chumbani kwake. Kweli, reli ilikuwa mezani, imekaa juu ya ubao, na chini ya ubao magazeti. Nikainyanyua kwa shida, huku tumbo likinichoma, ubao ukateleza, ukaondoka na gazeti la juu.

Nikajiona mwenyewe.

Nilikuwa nacheka. Ilikuwa picha ya harusi ya binti yetu, nimevaa ile tai iliyokuwa ikininyonga. Kairudufu kwenye duka la picha, kaikata kwa duara, kaibandika juu ya manila nyeupe yenye mstari mweusi pembeni, na chini yake ua moja jembamba lililokauka. Katika picha ile yeye alikuwa amesimama karibu yangu. Alijikata akajitoa, lakini vidole vyake vilibaki begani kwangu. Nikafungua ndani. "Tunawashukuru nyote mliokuwa nasi katika siku zetu za majonzi." Nikachukua ya pili, ya tatu, zote hivyohivyo. Rundo zima.

Jamani. Nilikaa kwenye kigoda chake. Kwanza nilihisi baridi, kisha aibu, kama mtu aliyefumaniwa, wakati sikufanya kosa lolote. Halafu ndipo hasira ikaja, na ilikuja yote. Yaani mimi najikaza kisabuni, nimekubali kupasuliwa kwa sababu yake, kumbe mwenzangu keshanizika, anasubiri gundi ikauke! Nikazitandaza kadi zote mezani, nikamngoja.

Aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi. Aliniona, akaziona.

"Umenyanyua," alisema.

"Ni reli yangu."

"Zilikuwa hazijakauka."

Hebu sikiliza maneno ya mtu! Amekutwa na msiba wa mumewe mezani, anazungumzia gundi.

"Niambie, mama," nikasema, "nimekufa lini? Nijue, maana mimi nilikuwa sina habari."

"Baba watoto, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Pajama ya kunenepea kumbe ilikuwa ya kunizuga. Unanivisha huku, unanibandika kule."

Aliweka mfuko chini. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, na meza ikawa katikati yetu, na mimi ninayecheka nimejaa meza nzima. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliongea taratibu, kama anavyoongea akipima karatasi.

"Mama yangu alipofariki, kadi za shukrani tulichapishiwa dukani. Unakumbuka? Uso wake ulitoka mweusi tii, haujulikani, wakamwekea njiwa wawili. Watu walipokea, wakaangalia mara moja, wengine wakafutia meza. Mimi nimemtengenezea kadi kila mtu mtaa huu. Mtoto wa muuza mkaa nimemtengenezea. Yule fundi saa aliyekuwa hata hatusalimii, nimemtengenezea. Halafu wewe, wewe baba watoto, nikuachie watu wa dukani?"

"Mimi niko hai!"

"Najua uko hai. Ndiyo maana nimeweza." Akainua mikono yake kidogo, akaitazama. "Siku hiyo ikija mimi sitaweza kushika mkasi. Najijua. Nitakuwa sakafuni wananipepea. Kwa hiyo nimefanya sasa, wakati mikono bado ni yangu."

Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa haijui ikae wapi. Nikamuuliza lile nililotaka kumuuliza tangu nikae kwenye kile kigoda.

"Kwa hiyo huamini kwamba nitarudi."

"Sijui," alisema.

"Jibu swali."

"Ndilo jibu lenyewe. Sijui. Naomba nikiamka, naomba nikilala, nakununulia pajama, nakata kadi. Vyote nafanya. Lakini ukiniuliza najua nini, sijui kitu."

Nikamwambia basi siendi. Nilimwambia wazi, na sikuwa natania: nilikuwa naenda kwa sababu nilidhani wewe una hakika, na kama hata wewe huna, mimi nikatafute nini kwenye kisu cha watu? Nibaki hapa, nife kwangu.

Ohoo! Hapo ndipo alipowaka. Sijamwona hivyo tangu kijana mmoja alipomrudisha binti yetu usiku. Alisimama kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wewe mzee wewe! Usipokwenda, kadi hizi nitazigawa, na daktari keshasema hatutafika mbali. Ukienda, labda nitazitia jikoni nichemshie maji yako ya kuoga. Hiyo 'labda' ndiyo niliyo nayo, sina nyingine. Unataka niseme nina hakika? Haya, nina hakika! Umepona sasa?"

Nje kulikuwa na mtu anapita na redio. Mimi nikaona haya, maana nilitambua kwamba kwa miezi yote hii nilikuwa nimemtwisha woga wangu aubebe pamoja na wake, halafu nikamtaka atabasamu. Nilimpenda sana pale. Nasema hivyo wazi kwa sababu hapa wodini hakuna wa kunicheka.

Nikainamisha macho kwenye kadi ili nisimtazame. Ndipo nikaona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha. Ndani, chini ya yale maneno ya shukrani, palikuwa na mstari mwembamba wa penseli, na juu ya mstari hapakuwa na kitu. Nikafungua nyingine. Vilevile. Mahali pa jina langu palikuwa patupu kwenye kadi zote.

"Hapa hujamaliza," nikasema.

Akavuta droo. Ilikuwa imejaa kadi zilizoharibika, picha yangu ileile, ua lilelile, na kwenye ule mstari herufi ya kwanza ya jina langu, imeanzwa, imetetemeka, wino ukachirizika. Kila moja hivyo. Yeye, ambaye mwandiko wake watu huuliza kama ni mashine.

"Jina lako nimeliandika kwenye madaftari ya watoto," alisema, "kwenye kadi za harusi, kwenye fomu za shule, popote. Hapa mkono unagoma. Nikianza tu, unagoma."

Sasa alikuwa analia. Nikanyoosha mkono.

"Lete kalamu."

"Ya nini?"

"Lete, mama."

Akanipa ile yake ya wino mweusi, yenye ncha nyembamba, ambayo siku nyingine nisingeruhusiwa hata kuishika. Nikavuta kadi ya kwanza, nikaandika jina langu. Mwandiko wangu ni wa chaki juu ya chuma, herufi kubwakubwa, zimesimama kama nondo, lakini ni jina langu na niliandika lote, la kwangu, la baba na la babu. Nikamsogezea. Alilitazama kwa muda mrefu, akalipuliza wino ukauke. Akanisogezea nyingine.

Tukafanya kazi hivyo. Yeye ananipa, mimi naandika, yeye anapuliza na kupanga. Mara moja aliniambia nisibonyeze sana, nitatoboa karatasi. Mara moja nilimwambia picha hii si nzuri, tai inaninyonga, angechagua nyingine. Akasema, "Ndiyo siku pekee uliyokubali kuchana nywele." Nikacheka hadi tumbo likauma, na yeye akacheka na machozi yake hayajafutika. Sikuwahi kukaa kwenye karakana yake muda mrefu namna ile. Sijui kwa nini. Ni chumba kizuri, kina mwanga.

Ikabaki moja. Nikaivuta, akaiwekea kiganja juu yake. Nikadhani anainyoosha. Nikaivuta tena, haiachii.

"Hiyo iache," alisema.

"Imebaki hii tu, tumalize."

"Usimalize." Alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili. "Ukiandika zote itakuwa nimekubali. Iache moja bila jina, baba watoto. Tafadhali."

Nikaweka kalamu chini, nikamwambia sawa, kesho asubuhi na mapema tunakwenda hospitali.