Mlingoti wa Mamokone

Ralitaba alikuwa na macho mabovu. Karatasi ya dawa lazima asomewe, lakini bendera nyeupe aliiona hata ikiwa ng'ambo ya bonde. Ikipandishwa juu ya mlingoti, maana yake pombe ya mtama imeiva, wenye kiu waje. Kwa bendera hizo alikuwa amezunguka milima ya Lesotho ujana wake wote, na uzee ukamkuta bado anazunguka.

Jumapili hiyo alikuwa anatafuta kitu kisicho na bendera. Nesi wa zahanati alimwambia kuwa katika kijiji cha Ha Ramokoatsi kuna watu walioacha pombe, hukutana mchana na kutiana moyo. "Ukifika uliza tu, Ntate," akasema, akimwita baba kwa heshima ya Kisotho. "Mtu yeyote atakuonyesha."

Uliza tu! Ni rahisi kwa nesi. Mzee mwenye blanketi lake zuri na heshima iliyobaki kidogo atamwuliza nani, na aanzie wapi?

Lakini ilimbidi aende. Binti yake Limpho alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na wiki iliyopita Ralitaba alimbeba mjukuu huku amelewa chakari. Akapepesuka. Mkewe asingemdaka, mtoto angeangukia motoni. Limpho hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma. Alimchukua mwanawe akasema, "Humshiki tena ukiwa umelewa, Baba." Mwisho wa mwezi angerudi kwa mumewe, mbali, na mtoto wake mgongoni.

Pale Ha Ramokoatsi alikutana na mama mmoja anatoka kisimani. Akafungua kinywa aulize, lakini aibu ikamgeuzia swali.

"Habari za mchana, mama. Hujaona ng'ombe amepita hapa?"

"Wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Pole, Ntate. Sijamwona."

Akakutana na mwenye punda, naye akamwuliza habari za ng'ombe. Kufika katikati ya kijiji, watu walishatoka majumbani kumsaidia. Mmoja akamwita kwa mbali, "Ntate! Kule bondeni yupo mweusi, ila ana mabaka! Siye?" Ralitaba akashukuru, akasema wake hana mabaka. Huyo ng'ombe hakuwahi kuzaliwa, na sasa kijiji kizima kinamtafuta.

Jua likawa linapinda. Koo lilikuwa limekauka, na moyo ukamwambia yaishe. Arudi tu kama alivyokuja. Ila kwanza akate kiu. Ha Ramokoatsi hakujua njia ya kwingine kokote, lakini ya kwa Mamokone, mpika pombe, aliijua vizuri, maana alikuwa akinywa pale miaka ile ya kazi ya kukata manyoya ya kondoo. Akaona mlingoti wake juu ya mapaa, akaufuata kichwa chini, akasukuma mlango.

"Mama, nijazie kopo."

Watu waliokaa kwenye mabenchi wakainua vichwa. Mamokone, mnene vilevile, mvi tu ndizo zilizoongezeka, akamtazama.

"Bendera umeiona wapi, Ntate?"

Ralitaba akageuka. Mlingoti ulikuwa mtupu.

"Niliacha kupika mume wangu alipokufa," Mamokone akasema. "Alikufa kwa pombe yangu mwenyewe. Hapa siku hizi wanakaa walioacha, na wanaotaka kuacha."

"Sasa mlingoti umeuachia nini?"

"Nimewaachia watu kama wewe. Kuuliza njia hamwezi, mnaona haya. Ya kuja hapa hamuipotezi hata mkiwa gizani."

Kutoka benchi la nyuma mtu akauliza, "Samahani, ndiwe mwenye ng'ombe mweusi?"

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa paa. Ralitaba akatamani ardhi ipasuke.

"Keti, Ntate, usikasirike," akasema yule mtu akijifuta machozi. "Mimi siku ya kwanza nilipoteza punda. Huyu hapa alikuwa anatafuta fundi viatu. Na huyu mwongo mkubwa alisema ametumwa na chifu!"

Ralitaba akajikuta anacheka, kisha analia, na hakuna aliyemshangaa. Akawaeleza habari za moto na za mjukuu. Wakamsikiliza hadi mwisho. Mamokone akampa uji mchachu wa mtama, na alipoaga akamjazia kopo lenye mfuniko. "Hamu ikikupanda njiani, kunywa huu. Na Jumapili uje, hata kama umeteleza."

Alifika kwake kuku wakiingia bandani. Limpho alikuwa mlangoni na mtoto. Ralitaba alipomsalimu tu, harufu ya mtama uliochachuka ikamfikia, na uso wake ukabadilika.

"Umekunywa tena, Baba."

Siku nyingine angefoka. Leo alimnyooshea kopo tu. Limpho akafungua mfuniko, akanusa, akaonja. Akaonja tena.

"Ni uji." Sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Umepewa na nani?"

"Na watu waliopoteza ng'ombe."

Limpho hakuelewa, ila alimtazama macho, akayakuta meupe, bila wekundu wa pombe, kama alivyoyajua alipokuwa mdogo.

"Nawa mikono kwanza," akasema.

Ralitaba alinawa mpaka viwikoni. Kisha akaketi chini kabisa, mbali na moto, akapokea mjukuu wake, na kimoyomoyo akamshukuru Mamokone kwa kutoung'oa ule mlingoti.