Ndoo ya Mkaguzi

Kiwandani waliniita Vitamini. Mimi ndiye niliyesimamia kile kimashine kinachonyunyizia virutubisho kwenye unga wa mahindi, na jina lenyewe, sitaki kudanganya, lilinivimbisha kichwa.

Lakini kimashine hicho, jamani, kisirani kitupu! Hewa ikiwa na unyevunyevu kidogo tu kinaziba. Uzime mtambo, uchokonoe kwa waya, vumbi la manjano likujae puani, huku msimamizi anafoka kwamba magunia hayatoki. Siku moja nikakizima. Unga ukatoka mweupe pe, na hakuna aliyelalamika. Kesho yake nikakizima tena.

Mkaguzi je? Huyo nilimwekea ndoo yake chini ya ngazi, imejaa unga niliouchanganya vizuri kwa mkono. Akija namchotea humo. Anadondoshea dawa yake, vidoa vyekundu vya madini ya chuma vinatokeza, ananipa mkono: "Hongera, fundi." Virutubisho vilivyobaki nilivimwaga mtaroni, nikavisukuma kwa maji. Mwaka mzima hivyo, nacheka kimoyomoyo.

Kila mwezi mfanyakazi hupewa mfuko mmoja. Wangu nilimpelekea binti yangu tangu alipoolewa. Ni mwanangu wa pekee, mama yake alishafariki, sina mwingine wa kumdekeza. Nilimchagulia ule mweupe kabisa. Wa kwenye ndoo una umanjano, nani ampe mwanawe unga kama ule?

Juzi amejifungua mtoto wa kiume. Mgongo uko wazi kiunoni, nyama nyekundu inaonekana, na miguu haichezi.

Wodini tulisimama watatu kando ya kitanda: mimi, mkwe wangu, na mama yake. Mama huyo ana mdomo, Mungu amsamehe. "Kwetu hatuzai hivi," alisema mbele ya mzazi ambaye hata hajapata nguvu za kukaa. "Kama ni ukoo wenu, mzee, leo hii arudi kwenu."

Muuguzi akaja na karatasi zake. Akamuuliza binti yangu kama kabla ya mimba alikuwa anakula unga ulioongezwa virutubisho, maana kukosa vitamini ya foliki kunaweza kuleta hali hii.

Binti yangu akajiinua kwa viwiko. "Sili mwingine, dada. Baba ndiye anayevitia, kwa mikono yake mwenyewe."

Muuguzi akanigeukia. "Mnatia, mzee?"

"Kila siku," nikasema.

"Haya. Na kwenye ukoo wenu, yupo aliyewahi kuzaliwa hivi?"

Mama mkwe akakunja mikono. Binti yangu akanitazama bila wasiwasi wowote, anasubiri niseme hapana, kwa sababu hapana ndiyo kweli. Nami nikaona wataniuliza: kama si ukoo, ni nini? Watapima unga. Nikaona pingu. Niliogopa, basi, niliogopa kama mbwa.

"Wapo," nikasema. "Upande wa marehemu mama yake. Wawili. Tulificha."

"Si nilisema!" Mama mkwe akapiga makofi. "Wametuoza balaa, mwanangu, twende!" Mkwe wangu akachukua koti lake akamfuata, hata mtoto hakumwangalia.

Binti yangu hakunikasirikia. Bora angenitukana. Alinishika mkono huku machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Mngeniambia mapema, baba," akasema. "Nisingezaa kabisa."