Jibini Lililokwanguliwa Jivu

Ulikuwa mwezi wangu wa tatu, wa mwisho wa majaribio, katika nyumba moja mtaa wa Hail, huku ughaibuni. Madamu, Mfaransa, alishaniambia: karamu ya Alhamisi ikienda vizuri, nabaki, ikiharibika, ananirudisha kwa wakala, na wakala atanirudisha Tanga.

Kazi tuligawana na dada Restituta, mpishi, mtu wa Muleba. Mimi Mwislamu, mvinyo siugusi. Chupa na glasi zilikuwa zake, sahani zangu. Alasiri ya karamu, yeye akiwa chumba cha kulia anafuta glasi, nilifungua jibini la mbuzi ambalo Madamu alikuja nalo kwa ndege kutoka kwao. Juu lilikuwa la kijivu. Nikadhani limeota ukungu. Nikalikwangua kwa kisu, nikalisuuza mpaka likawa jeupe kama chokaa.

Restituta aliporudi jikoni alishika kiuno.

"Mwanamize! Umeliogesha?"

"Lilikuwa chafu, dada."

"Lile ni jivu, wanalipaka makusudi na wanalila hivyo hivyo! Nyie watu wa Tanga mtakuja kuosha hata chumvi."

Nilikuwa nimeanza kulia Madamu alipoingia. Akaitazama sahani, akauliza nani kafanya.

"Mimi," Restituta akasema kabla sijafumbua mdomo.

"Wewe? Baada ya miaka sita?"

"Mimi, Madamu. Macho yamezeeka."

Madamu akatoka. Restituta akalikausha lile jibini kwa kitambaa, akalikata, akalimwagia asali na lozi, akanikabidhi. Wageni walilimaliza kwa mvinyo mweupe. Nikabaki kazini.

Lakini tangu siku ile Madamu aliandaa jibini kwa mkono wake. Restituta, aliyejivunia sahani ile kuliko pilau yake, akawa anaachiwa kuosha zabibu. Kila nikitaka kusema kweli ananikatiza: "Unataka nionekane mwongo? Nyamaza, mdogo wangu."

Machi mwaka huu alikwenda likizo Muleba, akaugua, akafariki huko huko. Wiki moja baada ya mazishi nilimfuata Madamu jikoni, nikamweleza yote.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alijua yeye utamsamehe. Mimi ungenirudisha."

Madamu alinivutia kiti, nikaketi, tukamlilia.