Shikamoo ya Ijumaa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mlangoni mwa kanisa, nimebeba hotipoti, na sijui ndani yake kuna nini.

Sijawahi kuingia kanisani. Mimi ni Muislamu wa Korogwe, nina stashahada ya ugavi na funguo za stoo ya hospitali, na makanisa huwa nayapita nje kama mtu anavyopita benki asikokuwa na akaunti. Hili lakini nililijua. Ni la kule Lushoto alikoolewa binti yangu Mwanaidi, na leo Jumapili mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa humo. Mwanaidi nilikwisha kumwambia siendi, nina kazi.

Mlangoni nikavua viatu, kama mtu yeyote mwenye adabu zake. Watu wakanipita na vyao miguuni. Nilipoinama nivivae tena, viatu vikaniacha, vikaingia ndani vyenyewe. Mzee wa kanisa akavikaribisha, akavionyesha benchi.

Nikamwambia vile ni vyangu.

"Vyenyewe havijasema hivyo," akajibu. Alikuwa mrefu, na kila akiongea tai yake iliitikia kwa kichwa. "Vimesema vimekuja kwenye ubatizo. Wewe je, mama?"

"Mimi nimefuata viatu."

"Basi pita. Wako walioingia humu kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Ninaingia pekupeku. Mbele kabisa ninamwona Mwanaidi kwa mgongo, amempakata mtoto, na mumewe Yeremia ameshika taulo kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa bendera. Mtoto analia. Siyo kilio cha njaa wala cha tumbo, nimelea, ninavijua. Huyu analia kama mtu aliyeambiwa asubiri na hajaambiwa anasubiri nini.

Nikataka kukaa karibu na viatu vyangu. Benchi likasema, "Bado."

Nikaliuliza bado nini. Likaniambia kwamba mgeni wa mara ya kwanza husimama, anataja anakotoka, anatoa salamu alizobeba, na zikishapokelewa ndipo anakaa. Nikasema miguu inaniuma. Likasema lenyewe ni mninga mtupu, halina huruma ya miguu.

Kweli, mchungaji akawaita wageni. Bwana mmoja wa Mombo akafunua kapu, salamu zake zikatoka bado za moto, watu wakazipokea kwenye sahani na kupiga makofi. Mama wa Bumbuli alizileta kwenye chupa ya soda, naye akapigiwa makofi, akakaa. Zamu yangu ikafika. Nikafungua hotipoti. Ilikuwa tupu, tena imesuguliwa ikang'aa.

Nikasema Korogwe hawajambo.

Mchungaji akachungulia ndani ya hotipoti, kisha akanitazama kwa upole, kama ninavyomtazama dereva aliyeniletea mzigo pungufu. Akasema hatuwezi kuendelea hivyo, tusimame.

Tukasimama. Kanisa nalo likasimama. Madirisha yakapanda juu, nikaona milima ikibaki chini, nikaona mashamba ya mkonge, nikaona paa la nyumba yangu. Mchungaji akasema tukae. Kanisa likakaa, ila halikukaa pale lilipokuwa. Likakaa jikoni kwangu.

Sasa waumini wote wako kati ya friji na jiko la gesi, na hakuna anayembana mwenzake. Kwaya iko juu ya kabati la vyombo. Mimi ninaona aibu kwa sababu kuna masufuria hayajaoshwa.

Nyuma ya mlango imesimama Shikamoo. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, ukubwa wa birika hivi. Ina magoti, na magoti yanatetemeka.

"Nimetoka kwa Mwanaidi," ikasema. "Nilikuja na simu ya Ijumaa. Simu uliipokea. Mimi hukunipokea."

Ni kweli. Ijumaa Mwanaidi alipiga, akaniamkia, na kwa kuwa nilijua anataka kuniuliza nini, nilianza na jibu. Nina kazi Jumapili. Akasema sawa, mama. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaiuliza kwa nini isirudi ilikotoka.

"Shikamoo hairudi. Wewe si mtu wa stoo? Mzigo usiopokelewa unakaa getini."

Hapo nikasema ukweli. Jumapili sina kazi yoyote. Sijui wanasimama saa ngapi, wanapiga magoti saa ngapi, wala nitaweka wapi macho wakianza kuimba, na wakwe wote watakuwa wananitazama.

"Ukiona wenzako wanasimama, simama," likasema benchi kutoka kwenye sinki. "Hata mchungaji alianza hivyo."

Kumbe mchungaji alikuwa ameshainua mkono. Maji yakatoka kiganjani mwake, yakafika nusu ya njia juu ya kichwa cha mjukuu wangu, yakasimama hewani. Mtoto akazidi kulia. Mwanaidi hakugeuka.

"Tunakusubiri wewe, bibi," yakasema maji.

Nikayaambia yasinisubiri, na kwamba nikiitikia hapa mbele ya watu nitakuwa nimefika, na nikiwa nimefika nitalazimika kuyaona yakimgusa. "Mkimgusa atakuwa wa kwao," nikasema. "Mimi nitabaki na nini?"

Maji yakafikiri kidogo.

"Sisi hatuchukui mtoto wa mtu," yakasema. "Sisi tunapita tu, tunaelekea chini, kama siku zote. Lakini huyu mtoto hajawahi kusikia sauti yako. Anadhani kwa mama yake hakuna watu."

Nikamtazama mtoto. Nikainamia Shikamoo, nikaishika magoti yasitetemeke. Jibu lilikuwa kifuani, zito kama gunia, nikalivuta mpaka mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Mwanaidi akageuka. Maji yakashuka. Mtoto akakata kilio katikati, akatafuta kwa macho sauti imetoka wapi.

"Haya, kaa," likasema benchi.

Nikakaa, nikaamka.

Kumekucha. Baba Mwanaidi alikuwa bado hajarudi kutoka msikitini. Nikachukua simu nimwandikie binti yangu kwamba ninakwenda, nikakuta yeye amenitangulia.

"Asante kwa kuitikia, mama. Alikuwa amelia mpaka nimechanganyikiwa, akasikia sauti yako akanyamaza. Sasa amelala. Ibada saa nne."

Nikatazama simu nilizopiga. Usiku sikumpigia mtu. Na mimi sina tabia ya kuongea na watu bila kuwapigia.

Baba Mwanaidi akaingia, akataka kujua pasi inawaka ya nini asubuhi yote hii. Nikamwambia avue kanzu hiyo ya kulalia, avae ya kutokea. Gari la Lushoto likijaa linaondoka.